Eti Ngumi Zile ni za Kweli?

Mnh! Mnh! Jamani, kuishi kwingi kuona mengi. Hapa kijiweni kwetu Kibiti, nyuma ya stendi, wiki nzima hii hakuna anayeuliza bei ya korosho, hakuna anayeuliza bonde la mto limemwachia nani mpunga na nani majani matupu. Watu wazima na ndevu zao, wenye wajukuu wa kuwatuma dukani, wanashikana mashati kwa jambo moja tu: zile ngumi za mieleka ni za kweli au za uongo? Asubuhi ngumi. Adhuhuri ngumi. Jua limezama, bao limefunikwa, kahawa imepoa vikombeni, ngumi bado zinaendelea.

Chanzo ni filamu. Inaitwa Mr. McMahon, ina sehemu 6, Netflix waliitoa tarehe 25 Septemba 2024. Wengi wetu hiyo Netflix tunaisikia jina tu. Huku mambo huja kwa flashi, na flashi haina haraka. Kijana anayewajazia watu muvi pale stendi kaileta, mwenye kibanda umiza kaipokea, kaandika mlangoni kwa chaki: BABA YAO WA MIELEKA, SEHEMU ZOTE. Usiku tatu, sehemu mbili kila usiku, tumebanana kwenye mabenchi kama dagaa kwenye tenga. Na kwa kuwa wale Wamarekani wanaongea kama waliokimbizwa na nyuki, akawekwa kijana wa kutafsiri, anayejiona mrithi wa Lufufu, yule bingwa wa zamani wa kutia filamu za watu Kiswahili. Mtu akikohoa kwenye filamu, yeye anatafsiri kikohozi.

Sasa, nani hapa asiyeijua mieleka? Usinidanganye. Tumeiangalia tangu enzi za kaseti, jenereta likinguruma nje na moshi wake ukiingia ndani. Watoto wa Bungu na Ikwiriri hawajui jina la mwenyekiti wa kijiji, lakini Undertaker wanamwita Andateka kama mjomba wao, na John Cena ni Jonsina, neno moja, tena wengine wanadhani ni kabila. Jirani yangu ana mtoto aliyepanda mwembe akamrukia binamu yake mgongoni, eti anamalizia pambano. Mkono ukavunjika mara mbili. Kila siku kwenye runinga wale jamaa wanaandika onyo kubwa kwamba msijaribu nyumbani, ila wanaliandika kwa Kiingereza, na mwembe wetu haukusoma Kiingereza.

Huyo baba yao ni Vince McMahon. Mwaka 1982 alimnunua baba yake mzazi. Ndiyo, nimesema hivyo: alinunua kampuni ya mieleka ya baba yake. Zamani kule Marekani kila promota alikuwa na eneo lake, kama huku kila mchuuzi anavyojua gulio lake na siku yake. Ya Bungu haingiliani na ya Jaribu. Vince akaingia magulio yote kwa mpigo. Akachukua wapiganaji wa watu, akanunua saa za televisheni za watu, wenzake wakabaki wanakung'uta magunia. Mwaka 1985 akafungua WrestleMania yake ya kwanza pale Madison Square Garden, New York. Mwaka 2001 akamnunua na mpinzani wake mkubwa aliyebaki, WCW. Hapo akawa peke yake barabarani.

Kibandani walimpigia makofi. Sisi tunampenda sana mtu aliyewamaliza wenzake, mpaka zamu yetu ifike.

Ila lililonifanya nikaribie kuanguka benchi ni zile picha za zamani zenye herufi WWF. Usiku huo alikuwamo mzee mmoja kutoka visiwani huko delta ya Rufiji, kaja mjini kufuata dawa, kakosa usafiri wa kurudi, kaingia kibandani kupoteza usiku. Akaziona zile herufi, akavua kofia. "Hee! Hawa si ndio watu wetu wa mikoko? Ndiyo kazi wanayofanya wakitoka huku?"

Loo, salale! Na wenyeji wa kata ya Salale wanisamehe kwa kulitaja jina lao ovyo. Watu walicheka mpaka mabati yakatingishika. Lakini mzee yule alikuwa na haki yake yote. Ukikaa kule kwenye ule msitu wa mikoko wa hekta elfu hamsini na ushei, WWF unayoijua ni ile ya panda: wale wa hifadhi ya mazingira, waliokuja na mpango wa RUMAKI, yaani Rufiji, Mafia na Kilwa, wakakaa na wavuvi kuzungumza habari za pwani na mali yake. Mtu kazoea panda, leo anaonyeshwa WWF watu wameshika viti wanapigana migongoni, asishangae?

Ikabidi nimsimulie yaliyobaki, kwa sababu ni habari tamu. Wale wa panda na wale wa mieleka waligombea kweli herufi hizo. Mwaka 1994 waliandikiana makubaliano kwamba watu wa mieleka wazitumie kwa kiasi. Wakasaini, wakaondoka, wakaendelea kama kawaida yao. Panda akaenda mahakamani Uingereza, akashinda. Rufaa nayo, akashinda. Mei 2002 baba yao wa mieleka, aliyemeza magulio yote ya Marekani, akaitupa F yake na kuanza kujiita WWE. Mzee wa visiwani akavaa kofia yake. "Basi yule mnyama ana nguvu," akasema, akatulia. Katika usiku wote ule, hiyo ndiyo hukumu pekee iliyotolewa bila mtu kupiga kelele.

Maana kelele zilikuwepo, msiulize! Ikaja ile ya Montreal, tarehe 9 Novemba 1997. Bret Hart, bingwa, anakaribia kuhamia kwa wapinzani. Amekubaliana na bosi wake pambano liishe vipi. Yumo ulingoni, Shawn Michaels kamkunja miguu, Bret hajasalimu amri wala hajafikiria kusalimu, na Vince yuko pale pale kando ya ulingo anaamuru kengele igongwe. Kengele ikalia. Mkanda ukaenda kwa mwingine. Bret akamtemea mate bosi usoni, na baadaye kwenye chumba cha kubadilishia nguo akamwangusha kwa ngumi moja.

Yarabi! Kibanda kilisimama. Fundi baiskeli wetu, mtu mpole asiyepandisha sauti hata akidaiwa kodi, akaanza kumtukana refa kama vile ni siku ya Simba na Yanga. Mmoja akadai arudishiwe mia tano yake. "Mmeona?" wakapiga kelele wale wa upande wa kweli. "Mmeona kwamba ni kweli?" Wa upande wa uongo wakajibu kwamba hata hiyo ngumi ya chumbani itakuwa ilipangwa. Robo saa nzima ikapotea, mtafsiri kasimamisha picha, Bret Hart kaganda pale na machungu yake usoni anatusubiri tumalize.

Halafu zikaja hesabu za watu. Machi 1987, pale Silverdome, Pontiac, Hulk Hogan alimnyanyua Andre the Giant, lile jitu la Kifaransa lililotangazwa kuwa na kilo zaidi ya 230, akalibwaga chini. Kampuni ikatangaza watazamaji 93,173. Mwandishi Dave Meltzer kashikilia miaka yote kwamba walikuwa kama 78,000. Sasa kijana wa bodaboda, ambaye amewahi kubeba watu kuwapeleka kwenye mikutano ya kampeni, akasema hilo halina ubishi: chukua idadi iliyotangazwa, toa waliohesabiwa wakiingia na wakitoka, toa na waliokuwa wanauza maji. Hapo kidogo nilimwelewa.

Lakini ndugu zangu, hilo swali lenu la kweli na uongo limekwisha zamani! Mwaka 1989 watu wa huyu huyu Vince walikwenda mbele ya maseneta wa jimbo la New Jersey wakasema wenyewe kwa vinywa vyao: jamani, hii ni burudani, washindi wanapangwa. Kwa nini? Wakihesabiwa mchezo wa kweli, serikali ya jimbo inawasimamia na kuwatoza. Wakiwa burudani, wanapona. Ni yule yule mfanyabiashara tunayemjua pale kwenye geti la ushuru wa mazao: akiwa sokoni, mchele wake ni wa biashara, daraja la kwanza, wa kunukia, akifika getini, magunia kumi na mawili, "wa kula nyumbani, afande." Mwenye duka kashakiri miaka thelathini na ushei iliyopita ili asilipe ushuru, ninyi mnatoana macho Kibiti mwaka huu!

Aaah. Mnanichosha, jamani.

Na lililoniuma ni kwamba kubishana kule kuliwafanya wasione kilichokuwa mbele yao. Ikafika sehemu ya Owen Hart, mdogo wake Bret. Tarehe 23 Mei 1999, Kansas City, alikuwa ashushwe kwa waya kutoka darini, kwa mbwembwe tu, ili watu wacheke. Kifungio kikaachia mapema. Akaanguka kama mita 24, ghorofa saba au nane, akapigiza ulingoni. Alifariki usiku ule, ana miaka 34, ameacha mke na watoto wawili wadogo. Watu wakambeba wakamtoa. Halafu wakaendelea na onyesho. Wapiganaji waliofuata wakaitwa, wakapanda pale pale, kwenye mbao zile zile.

Kibanda kilinyamaza. Nikasema afadhali, leo tutakuwa binadamu. Kwetu huku mtu akifa nyumba ya tatu, redio inazimwa bila kuambiwa. Ngoma ya mwali iliyolipiwa, mpishi kashapika, inasimamishwa. Mwenye shughuli ndiye wa kwanza kwenda kukaa msibani. Mtumbwi unaotaka kutoka unasubiri kaburi lichimbwe. Hata yule mlevi wetu wa mnazi hupita kwenye matanga kimya, ananyata kama paka. Sasa unaona watu elfu kwa elfu wamekaa kwenye viti, wenye televisheni nyumbani wanatangaziwa kwamba yule bwana amefariki, na pambano lifuatalo linaendelea. Nilihisi baridi, na humo ndani joto lilikuwa la tanuri.

Ukimya ukadumu labda dakika mbili. Kisha kutoka benchi la nyuma, sauti: "Sasa kile kifungio, kiliachia kweli au ni stori?"

Msyuuu! Nilisonya mpaka meno yakauma. Mtu amekufa, kaka! Mjane wake aliifungulia kampuni kesi, wakamalizana kwa dola milioni 18. Hakuna anayelipa hela hiyo kwa maigizo. Hiyo ndiyo balaa ya mchezo ule: ukishamzoesha mtu kwamba kila maumivu ni ya kupanga, siku mtu akivunjika kweli, anatafuta pazia.

Na maumivu yao mengine hayakuhitaji kuanguka kutoka darini. Wale watu wananyanyuana miaka ishirini, magoti yamekwisha, migongo imekwisha, na kwenye mkataba wanaandikwa ni watu wanaojitegemea, bima ya afya kila mtu na lwake. Mwaka 1986 mmoja wao, Jesse Ventura, aliwaambia wenzake waunde chama cha wafanyakazi. Maneno yakafika kwa bosi kabla hayajapoa. Miaka mingi baadaye, kwenye kesi mahakamani, ikajulikana aliyeyapeleka ni Hulk Hogan mwenyewe, shujaa wa watoto. Wapakiaji mizigo wa kule Nyamisati waliposikia hilo hawakuhitaji tafsiri. Walitazamana tu, kisha wakamtazama mwenzao mmoja aliyekaa kona. Sikuuliza.

Sasa shika pumzi, tunakwenda pabaya.

Baada ya Montreal watu walimchukia Vince, naye akaona pesa ndani ya chuki ile. Akapanda ulingoni mwenyewe, akawa bosi mbaya wa kwenye televisheni, Mr. McMahon, anayefukuza watu kazi, anayetembea kifua mbele kama jogoo aliyemeza mwiko. Mwaka 2001 akawa anawapigisha watu magoti wambusu makalio mbele ya umati. Mwaka huo huo alimwamuru mwanamke, Trish Stratus, atambae kwa magoti na mikono, abweke kama mbwa, kisha avue nguo. Kwenye televisheni! Binti yake mwenyewe, Stephanie, amesimulia kwamba baba alimletea wazo la hadithi ambamo yeye baba angekuwa ndiye mwenye mimba yake. Binti akakataa. Astaghfirullah! Mzee wa visiwani alitoka nje, nikamsikia anatema mate mara tatu.

Na mnajua vijana wetu walifanya nini? Walicheka. "Anaigiza, babu. Huyo ni mhusika." Bosi kaigiza, mwanamke kabweka, basi tucheke.

Kisha tukafika sehemu ya mwisho. Mwaka 2022 gazeti la Wall Street Journal likatoa habari kwamba bosi alikuwa analipa wanawake fedha ili wanyamaze. Akastaafu Julai. Januari 2023 akarudi, maana kura nyingi za wenye hisa zilikuwa zake. Mwaka huo akaiuza kampuni, ikaunganishwa na ile ya UFC. Januari 2024 aliyekuwa mfanyakazi wake mwanamke, mmoja wa walioandikiwa hela wanyamaze, akamfungulia kesi, akimtuhumu kumdhulumu kingono na kumtoa kwa wanaume wengine. Bosi anakanusha yote. Akaachia nafasi yake. Na filamu ilipokaribia kutoka, akatoa taarifa kulalamika kwamba watengenezaji wamemchanganya Vince mtu na McMahon mhusika.

Unaona kamba hiyo ilivyosokotwa? Miaka ishirini na kitu mtu anafanya ubaya hadharani akisema ni mhusika. Siku ubaya unaposemwa kwamba ulikuwapo hata ofisini, mlango umefungwa, anatoka yule yule mhusika kusimama mbele yake na kupokea mawe. Mganga wa uongo hufanya hivyo: dawa ikiponya ni yake, ikiua ni ya mizimu.

Lakini haya nimeyapata kwa kusoma na kuuliza. Kibandani hayakutafsiriwa. Mtafsiri wetu, aliyetafsiri kila kiti kilichovunjika mgongoni kwa mtu, kila mbavu, kila tone la damu kwenye paji la uso, alipofika kwenye madai ya yule mwanamke alikohoa, akasema, "Hapa wazee wangu kuna mambo ya watu wazima," akabonyeza kupeleka mbele. Watu wazima! Na sisi tuliojaa humo ndani tulikuwa kina nani, vifaranga? Aliona aibu kutamka mbele ya wazee. Wazee nao wakaona unafuu kutotamkiwa. Nusu ya kibanda wakatoka kununua kahawa. Nilimwomba arudishe. Akarudisha kidogo, akatafsiri kwa sauti ya chini, maneno manne matano, halafu akaenda mbele tena mpaka palipokuwa na muziki.

Damu haimtii mtu aibu. Aliyelalamika ndiye anayemtia aibu. Hilo nalo tulijifunza kwa nani?

Filamu ikaisha, watu wakamwagika nje na ngumi zao. Netflix hao hao waliomchambua bosi, tangu Januari 2025 wanaonyesha mieleka ile ile kila wiki, mkataba wa miaka 10 wa zaidi ya dola bilioni 5, na mke wake, Linda, tangu Machi 2025 ni Waziri wa Elimu wa Marekani. Niliyatamka haya kijiweni nikidhani yatatuliza watu. Yakawa kama petroli. Saa nne ya usiku, mbwa wamelala, fundi baiskeli kampiga kabali kijana wa bodaboda ili kumthibitishia kwamba kabali ya kwenye runinga haiwezi kukaba. Macho ya kijana yakawa mekundu. Ikabidi watenganishwe.

Pembeni pale anakaa mama anayetuuzia kahawa na kashata. Usiku zote tatu hakuingia ndani, mia tano yake ana kazi nayo. Alikaa nje amejiegemeza kwenye mabati, anasikiliza. Alingoja kelele zipungue akaniuliza, "Shehe, yule dada aliyeandikiwa hela anyamaze, walimpa yote?"

Nikamwambia kwa jinsi yeye alivyoeleza kwenye madai yake, aliandikiwa dola milioni 3, akapewa milioni 1, zilizobaki hazikuja.

"Ndiyo nilidhani," akasema. Akatoa daftari lake chini ya kikapu, lile lenye majina yetu wote, akalamba kidole akaanza kufunua kurasa. Wanaume wa kijiwe, mmoja mmoja, wakakumbuka kwamba usiku umekwenda sana.